Nilikwenda Kugawa Blanketi, Nikarudi na Rafiki

Hebu jiulize, marafiki zako umewapata wapi? Wengi wetu jibu ni lile lile: shuleni, chuoni, kazini, kanisani au msikitini. Watu wa rika letu, wenye kipato kama chetu. Mimi mmoja wa marafiki zangu wa karibu kabisa nilimpata kwenye kambi ya waathirika wa mafuriko. Ananizidi zaidi ya miaka 25, na siku ya kwanza tulipokutana alinicheka.

Ilikuwa Januari 2010. Mvua za mwisho wa Desemba 2009 zilikuwa zimeujaza Mto Mkondoa, maji yakavunja tuta na kuingia Kilosa. Zaidi ya watu 20,000 walibaki bila makazi. Reli ya Kati nayo ikakatika. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo, niko likizo kwa ndugu zangu Morogoro. Tukajikusanya vijana sita, tukaenda kujitolea.

Kusema ukweli, nilikuwa na picha yangu kichwani: mimi nagawa blanketi, wao wanashukuru. Badala yake nikapangiwa jikoni, kusonga ugali wa sufuria kubwa juu ya mafiga. Mimi niliyezoea ugali wa watu wanne! Mwiko ukanishinda. Mama mmoja akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, huo si ugali, ni uji umekasirika. Hebu nipe huo mwiko."

Alikuwa mama ntilie wa stesheni. Miaka yote alikuwa analisha abiria wa treni. Sasa nyumba imekwenda, vyombo vimekwenda, na treni haiji. Kuanzia siku ile akawa bosi wangu jikoni.

"Sikuzaliwa kwenye hema"

Siku ya nne nikaharibu. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa hema, mwanga mzuri, nikatoa simu na kumpiga picha bila kumuuliza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sikuzaliwa kwenye hema. Watu wakiniona hivi, watajua ndivyo nilivyo."

Nikaifuta mbele yake. Jioni nikarudi kuomba radhi. Akanisogezea ndoo nikalie, akaanza kunihadithia nyumba yake: vyumba vitatu, mwembe uani, siku binti yake alipoolewa pale. Nadhani urafiki wetu ulianza jioni ile, sio jikoni.

"Na wewe unapata nini?"

Likizo ikaisha. Baadaye yeye akahamia Kilangali, kwa kaka yake, kulima mpunga. Tukawa tunapigiana simu. Mchumba wangu ishu hii hakuielewa. "Kila mwezi unamtumia vocha. Na wewe unapata nini?"

Swali lilinikera, lakini jibu sikuwa nalo. Nilikuwa namuuliza hali yake, zangu simwambii. Niliona aibu kumlilia mtu aliyepoteza nyumba. Bila kujua, bado nilikuwa nagawa blanketi.

Mwaka 2014 ofisi niliyokuwa nafanya kazi ikapunguza wafanyakazi, na mimi nikiwemo. Miezi miwili nikajificha, hata simu zake sikupokea. Asubuhi moja kondakta wa basi akanipigia: njoo Ubungo uchukue mzigo wako kutoka Kilosa. Gunia la mchele!

Nikampigia nikilia. Akanikatiza, "Mimi nilikula vyenu nikiwa sina kitu. Changu kina nini hata wewe usile?"

Gunia lile alilibeba mchumba wangu begani, na hakuuliza tena napata nini. Mwaka uliofuata, kwenye kicheni pati yangu, katikati ya kina mama wa sare za kitenge, yeye ndiye niliyemwomba anifunde. Zawadi aliyoleta ilikuwa mwiko. "Kwenye nyumba yako usiwe wa kutoa tu," aliniambia mbele ya watu wote. "Anayetoa tu, mwishowe anajiona mkubwa. Jifunze na kupokea."

Kabla hujaenda

Nafasi za kujitolea zipo nyingi. Wilaya ya Kilosa ilipigwa tena na mafuriko Januari 2014, upande wa Dumila na Magole. Na si lazima usubiri maafa: Morogoro mjini, kwa mfano, kuna makazi ya wazee ya Fungafunga. Ukiamua kwenda, zingatia haya:

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa usimaindi.

Usiahidi kurudi kama huna uhakika. Wenyeji wako wameshaahidiwa mengi.

Muombe mtu akufundishe kitu anachokijua kuliko wewe. Kupika, kusuka mkeka, historia ya mji, chochote.

Mkiweza, nendeni wawili, wewe na mwenzi wako. Mtajuana upande ambao chakula cha jioni hotelini hakiuonyeshi.

Siku hizi treni ya umeme inafika Kilosa. Safari yetu ya mwisho tulishuka pale na watoto, tukatafuta usafiri hadi Kilangali. Mama alikuwa ameshabandika maji. Akanikabidhi mwiko, akavuta kigoda, akakaa kuniangalia nikisonga.

Bado ananicheka.