Mzazi, acha kuchomeka kalamu kwenye soketi mbele ya mtoto

Shinyanga. Chaja ina pini mbili za mviringo, soketi ya ukutani ina matundu matatu. Mzazi anachukua kalamu au njiti, anaisukuma kwenye tundu la juu, chaja inaingia na simu inaanza kujaa. Ni tabia ya nyumba nyingi, kuanzia Kahama hadi Katoro. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekaa pembeni ameona kila kitu, na kesho atajaribu kwa msumari.

Soketi nyingi nchini ni za mtindo wa Uingereza. Pini ya juu ya plagi, yaani ya ethi, ni ndefu kuliko nyingine. Ikitangulia kuingia, inafungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini yenye umeme. Vifuniko hivyo viliwekwa ili kumlinda mtoto. Kalamu inavifungua tu. Tena pini za mviringo hazikazi vizuri humo, hivyo hupata joto na zinaweza kuwasha moto.

Zile ekstensheni zinazopokea plagi za kila aina, mara nyingi hazina vifuniko kabisa. Ziweke mbali na mtoto.

Soma maandishi ya kifaa

Umeme wetu ni volti 230. Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, hivyo kifaa cha mtumba cha huko kinaweza kuungua ukikichomeka moja kwa moja. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida. Inahitaji adapta imara ya pini tatu tu.

"Ni sola tu"

Vijijini na kwenye machimbo madogo ya Geita, wengi hutumia sola. Betri ya volti 12 si rahisi kumpiga mtu shoti, lakini waya zake zikigusana huwaka na kuunguza. Ukifunga inveta, unapata volti 230, hatari ileile ya umeme wa Tanesco.

Mtoto akinaswa

Usimguse. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au kitu cha plastiki.

Kama hapumui, mkandamize katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Umeme ukipita kifuani huvuruga mapigo ya moyo, na dakika chache ndizo zinazoamua.

Hata akionekana mzima, mpeleke hospitali. Kidonda kidogo kidoleni kinaweza kuficha majeraha makubwa ndani.

Anza leo

Nunua adapta, ziba soketi zilizo chini, na mwite fundi mwenye leseni ya Ewura akague ethi. Mwombe pia afunge sakiti breka ya miliampia 30, inayokata umeme wenyewe pale unapovuja. Kwa mtoto mwenye mikono yenye maji, hiyo ndiyo kinga ya mwisho.