Kolera Haiulizi Kadi ya Chama

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaotusoma nyumbani,

Mtoto wako akiharisha usiku, unampeleka kwenye dispansari ya kampuni bila kuhesabu franga. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza afya ya mfanyakazi na jamaa yake. Lakini jirani yako mvuvi wa Kalundu, au mama anayeuza ndagala sokoni Uvira, hana mwajiri. Yeye anahesabu kwanza: pesa ya fishi, pesa ya laboratwari, pesa ya dawa. Anasema tungoje asubuhi. Kolera haingoji. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kukaukiwa maji mwilini na kufa kwa masaa machache.

Na shida yake ni yako, kwa sababu robine zikikauka, ndoo yake na yako zinachota katika ziwa lile lile. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu mtambo wa maji wa REGIDESO. Kitabu cha dispansari hakikumpa mtu maji safi siku zile.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzalisha wamama bila malipo. Tungepaswa kuuliza ni pesa gani italipa jambo hilo katika kila kituo cha afya, mpaka huku kwetu. Lakini sisi tunabishana tu. Huyu anasifu kwa kuwa ni chama chake, yule anakataa kwa kuwa si chake. Nimechoka kuyasikia, hata kwenye foleni ya sindano. Wakati wa kampeni tunagawiwa kofia na tishati. Mimi sijaona malaria iliyopona kwa kofia.

Msiseme watu maskini hawawezi. Kule Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, walianzisha mwaka 1986 sanduku la hospitali. Mtu alitoa mchango mdogo mara moja kwa mwaka. Akilazwa, sanduku lililipa asilimia 80 ya faktire. Wengi wao walikuwa wakulima.

Basi mgombea akifika kwenye avenyu yenu, kabla ya kupokea kofia, mwulizeni habari ya bajeti ya afya na ya maji.

Nyumbani, kila mama ajue maji haya: litre 1 iliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo njiani mkimpeleka kwa muganga, wa kwako na wa jirani.