Utatuzi wa Hitilafu Baada ya Kupandisha Toleo la Lugha ya Programu: Mfano wa Python

1.0 Utangulizi

Toleo la 3.0 la lugha ya programu ya Python lilitolewa Desemba 2008, nalo lilivunja kwa makusudi upatanifu na matoleo ya mkondo wa 2. Uangalizi wa toleo la 2.7, ambalo ndilo la mwisho katika mkondo huo, ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Kwa sababu hiyo, programu za utafiti zilizoandikwa awali zimelazimika kuhamishiwa katika mkondo wa 3 ili ziendelee kutumika. Makala haya yanaainisha hitilafu zinazofuatia uhamishaji huo katika makundi matatu na kueleza namna ya kuzitatua. Hoja kuu ni kwamba hitilafu inayoisimamisha programu ina madhara madogo ikilinganishwa na ile inayoiacha programu iendelee na kutoa jibu tofauti.

2.0 Hitilafu za Kifasiri

Kifasiri ni programu inayosoma msimbo na kuutekeleza. Kompyuta moja yaweza kuwa na vifasiri kadhaa vya Python kwa wakati mmoja. Mtumiaji anapotoa amri, mfumo hupekua saraka zilizoorodheshwa katika kigeu kiitwacho PATH, moja baada ya nyingine, na kutumia faili ya kwanza yenye jina hilo. Toleo jipya lililowekwa katika saraka ya nyuma litakuwapo bila kutumika. Kwa hiyo, swali la kwanza ni kifasiri kipi hasa kinachotekelezwa. Amri ya python3 --version huonyesha namba ya toleo, na thamani ya sys.executable ndani ya Python huonyesha mahali faili ya kifasiri ilipo.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale mtumiaji wa mfumo kama Ubuntu anapokielekeza kiungo cha /usr/bin/python3 kwenye toleo jingine. Baadhi ya zana za mfumo huo hutegemea Python iliyokuja nao. Moduli ya apt_pkg, kwa mfano, imekusanywa kwa ajili ya toleo mahususi, hivyo kifasiri kingine hakiioni, na zana zinazoitegemea hushindwa kufanya kazi. Tiba ni kukirudisha kiungo katika hali yake ya asili, kisha kuliweka toleo jipya kando yake.

3.0 Hitilafu za Maktaba

Kila toleo la Python huhifadhi maktaba katika saraka yake. Maktaba zilizowekwa kwa ajili ya toleo la 3.8 hazihamii zenyewe kwenye saraka ya toleo la 3.10, ndiyo maana ujumbe wa ModuleNotFoundError hujitokeza hata pale mtumiaji anapokumbuka vyema kwamba aliiweka maktaba husika. Amri ya python3 -m pip install huondoa utata, kwa kuwa huiweka maktaba katika kifasiri kilekile kilichoitwa. Njia salama zaidi ni kuunda mazingira pepe kwa kutumia zana ya venv, iliyopo tangu toleo la 3.3, ili kila mradi uwe na maktaba zake. Hata hivyo, kosa la aina hii laweza pia kutokana na moduli iliyoondolewa: distutils, iliyotumiwa na programu nyingi za kusakinishia maktaba, iliondolewa katika toleo la 3.12 la mwaka 2023.

4.0 Hitilafu za Lugha Yenyewe

Mabadiliko ya lugha ni ya namna mbili. Ya kwanza hujitangaza. Amri ya print isiyo na mabano hukataliwa kabla programu haijaanza kutekelezwa, nako kulinganisha namba na thamani tupu ya None kwa alama ya < huisimamisha programu. Mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa hutaja aina ya kosa, na mistari iliyoutangulia huonyesha mahali lilipotokea.

Namna ya pili ni ya kimya. Katika Python 2, 129/2 ni 64, kwa kuwa namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili huzaa namba kamili. Katika Python 3 jibu ni 64.5. Vilevile, round(64.5) hutoa 65.0 katika Python 2, ilhali Python 3 hutoa 64, kwa kuwa nusu hukadiriwa kuelekea namba shufwa iliyo karibu. Pale ambapo alama 65 ndiyo mpaka wa daraja, mtahiniwa yuleyule hupata madaraja mawili tofauti.

Utafiti wa matini za Kiswahili nao hauko salama. Neno "ng’ombe" likiandikwa kwa alama ya ritifaa iliyopinda na kuhifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, Python 2 huhesabu baiti 9, lakini Python 3 huhesabu alama 7. Kwa neno lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa kila herufi ya msingi huchukua baiti 2. Wastani wa urefu wa maneno hubadilika bila data kubadilika.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Uchunguzi uanzie kwenye kifasiri, ufuatie maktaba, na umalizie kwenye lugha, kwa kuwa kosa la hatua ya awali huweza kujificha nyuma ya ujumbe wa hatua inayofuata. Zana ya 2to3 husahihisha tofauti nyingi za sarufi, lakini haiwezi kuamua iwapo mwandishi wa programu alikusudia mgawanyo kamili au wa desimali. Hivyo, programu itekelezwe katika matoleo yote mawili kwa data ileile na matokeo yalinganishwe. Pale mgawanyo kamili ulipokusudiwa, alama ya // itumike, kwani maana yake haikubadilika.

6.0 Hitimisho

Kukoma kwa ujumbe wa makosa si ushahidi kwamba uhamishaji umefanikiwa. Ushahidi ni matokeo yanayolingana, au tofauti ambayo chanzo chake kimeelezwa. Kwa msingi huo, tasnifu inayotegemea hesabu za kompyuta inapaswa kutaja toleo la lugha na la kila maktaba iliyotumika, ili mtahini aweze kuzirudia hesabu hizo na kuzihakiki.