Mabishano ya Maneno na Neno Lenye Kupimika

Mara nyingi katika vikao vya kanisa ndugu wawili hubishana juu ya jina la jambo, huku kila mmoja akidhani kwamba wanabishana juu ya jambo lenyewe. Katika makala hii twakusudia kuonyesha tofauti iliyopo, na kwa nini mchungaji hana budi kuitambua.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichotolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Kinywaji kilitokana na mti uitwao mugariga, na ilisemwa kwamba chaponya kisukari, Ukimwi na maradhi mengine sugu. Mara mjadala ukazuka: Je, hii ni dawa au ni imani? Ni muujiza au ni uganga?

Hebu tufikiri kwamba wote wangekubaliana kuuita uponyaji wa imani. Mgonjwa angepata faida gani? Sukari iliyo katika damu yake haipandi wala haishuki kwa sababu ya jina. Na wale walioacha dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hawakulindwa na fasili yoyote, kwa maana dawa hizo zikiachwa, virusi huongezeka tena.

Swali lenye faida ni hili: neno hili likiwa kweli tutaona nini, na lisipokuwa kweli tutaona nini? Wenye kisukari wapimwe kabla ya kunywa na baadaye, kisha walinganishwe na wenzao wanaotumia dawa zile zile bila kikombe. Hapo neno limewekwa mizanini, nalo laweza kushinda au kushindwa.

Hatusemi kwamba fasili haina kazi. Neno “kupona” lazima lielezwe: je, ni kujisikia nafuu, au ni ugonjwa kutoonekana tena katika vipimo? Lakini maelezo hayo yatangulie matokeo. Anayengoja mpaka mgonjwa ashindwe kupona, ndipo aseme kwamba hakuwa na imani ya kutosha, amelifanya neno lake lisiweze kushindwa kamwe. Neno la namna hiyo halimwambii mgonjwa lolote, ila humwongezea mzigo wa hatia juu ya ugonjwa wake.

Maandiko yenyewe hayaogopi kipimo. Kumbukumbu la Torati 18:22 hutaka neno la nabii litazamwe kama limetimia. Katika Yeremia 28, Hanania alitabiri kwamba vyombo vya hekalu vingerudi kutoka Babeli katika muda wa miaka miwili. Yeremia hakushindana naye juu ya maana ya neno “nabii”. Alielekeza watu wangoje kutimia kwa neno. Hanania alikufa mwaka ule ule, na vyombo havikurudi.

Bila shaka, si kila neno la imani hupimwa hivyo. Luther na Zwingli walipokutana Marburg mwaka 1529 walikubaliana karibu mambo yote, wakatengana juu ya uwepo wa mwili wa Kristo katika Meza ya Bwana. Hakuna chombo cha kupimia kingeweza kuwaamua, wala msamaha wa dhambi hauonekani katika maabara. Lakini mtu anayeahidi habari za damu, mwili na tarehe ameingia mwenyewe mahali pa vipimo, wala hana haki ya kukimbilia madhabahuni anapoulizwa.

Kwa hiyo, muumini akija kwetu na habari za tiba mpya, tusianze kwa kuuliza iitweje. Tuombe pamoja naye, tumsihi asiache dawa zake, kisha tumpeleke akapimwe.