Digrii ya Kwanza, Digrii ya Tatu: Ipi Mbaya Zaidi?

Mwezi huu nawaletea habari ya neno moja. Ni neno fupi, na sisi wauguzi hulitamka kila siku bila kufikiri. Lakini neno hilo liliwahi kumgharimu mtoto mkono wake, na mimi nilikuwa na sehemu katika kosa hilo. Neno lenyewe ni "digrii".

Mwaka 1996, nilipokuwa muuguzi kijana, baba mmoja mwalimu wa shule ya msingi alimleta mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa ameangukia sufuria ya uji uliokuwa ukichemka. Uji ni mbaya kuliko maji, maana hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza. Mkono wa kushoto, kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko, ulikuwa mweupe kama nta. Daktari aliagiza mtoto alazwe. Baba akaniuliza, "Sista, ni jeraha kubwa sana hili?" Mimi nilikuwa naharakisha kwenda wodi ya wazazi, nikamjibu, "Ni digrii ya tatu, Mwalimu." Nikaondoka nikidhani nimemweleza.

Yule baba hakulala hospitali. Alimbeba mtoto akarudi naye nyumbani. Waliporudi siku ya nane, tuliwasikia kwa harufu kabla hatujawaona. Kidonda kilikuwa kimeoza na mtoto alikuwa na homa kali. Nilimwuliza kwa ukali, "Mwalimu, kwa nini ulimwondoa mtoto?" Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Sista, si ulisema mwenyewe ni ya tatu? Nilijua ya kwanza ndiyo mbaya. Halafu mtoto mwenyewe hakuwa analia."

Nilinyamaza, kwa sababu hesabu yake ilikuwa na maana. Shuleni kwake, wa kwanza ndiye mkubwa na wa tatu yuko chini yake. Kwenye treni, daraja la kwanza ndilo la wakubwa, na la tatu ni letu sisi wenye vikapu. Mtu anayesikia "ya tatu" kwa masikio hayo atadhani ni jambo dogo.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini alikaa wodini miezi mingi, akapandikizwa ngozi, na kiwiko chake hakikunyooka tena sawasawa.

Neno lilitoka wapi?

"Digrii" limetoka katika Kiingereza, na Kiingereza kililipata kwa Kifaransa. Mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya hatua, au kipandio cha ngazi. Sisi tunalo neno letu linalofanana nalo, yaani daraja. Sasa fikiri: ngazi ina njia mbili. Mtu anaweza kupanda na anaweza kushuka. Ukiambiwa mtu yuko kwenye kipandio cha tatu, hujaambiwa bado kama alianza kuhesabu chini au juu. Hapo ndipo penye mtego.

Katika Kanisa tuna Daraja Takatifu. Shemasi, padre, askofu: hesabu inapanda. Chuo kikuu nako, digrii ya kwanza ndiyo ya chini, na anayeongeza masomo hupanda hadi ya pili na ya tatu. Lakini kwenye matokeo ya kidato cha nne, daraja la kwanza ndilo la juu, na anayepata la nne huenda akarudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Mahakamani Marekani mambo ni kinyume na hospitali. Jimbo la Pennsylvania liligawa kosa la kuua katika digrii mwaka 1794, na majimbo mengine mengi yakafuata mtindo huo. Huko, kuua kwa digrii ya kwanza ndiko kubaya kuliko kote, kwa kuwa mara nyingi muuaji alipanga kabla ya kutenda. Vijana wetu wanaotazama sinema za Kimarekani wanalijua hilo. Ndiyo sababu kijana mmoja alipoambiwa kwamba dada yake ameungua digrii ya kwanza, alianza kulia kwa sauti. Kumbe dada alikuwa amechomwa kidogo na mvuke wa chungu, na siku ileile alirudi nyumbani kupika.

Digrii za moto

Kwa majeraha ya moto hesabu huanza juu ya ngozi na kushuka ndani ya mwili. Namba ikikua, moto umezama zaidi. Mganga wa upasuaji Mjerumani, Wilhelm Fabry wa mji wa Hilden, aliandika kitabu juu ya kuungua mwaka 1607 na kuyagawa majeraha hayo katika digrii tatu. Zaidi ya miaka 200 baadaye, Mfaransa Guillaume Dupuytren alizifanya sita. Siku hizi waganga wengi hawatumii tena namba. Wanasema tu kama ngozi imeungua juu juu, nusu, au yote. Lakini namba za zamani bado zinasikika wodini, kwa hiyo tuzijue.

Digrii ya kwanza. Ni ngozi ya juu tu iliyoungua. Inauma, imekauka, haina malengelenge. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, lakini ukigusa utasikia joto na mgonjwa atavuta mkono wake. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua vizuri, kwa kuwa jua huwaunguza hivyo. Kwa kawaida hupona kwa siku chache bila kovu.

Digrii ya pili. Moto umefika kwenye ngozi ya ndani. Malengelenge hutokea, kidonda kina majimaji, na maumivu ni makali sana. Ikiwa haukuzama mno, na kikitunzwa kisiingie vijidudu, hupona kwa wiki mbili au tatu. Ukizama zaidi, huchukua muda mrefu na kuacha kovu.

Digrii ya tatu. Ngozi yote imekufa, juu hadi chini. Ni nyeupe kama nta, au ya kahawia, au nyeusi kama mkaa. Ni kavu na ngumu kama ngozi ya ngoma. Isipokuwa kikiwa kidogo sana, kidonda hiki hakiwezi kujifunga chenyewe vizuri. Kinahitaji kupandikizwa ngozi, na kovu lake hukaza viungo.

Wengine huongeza digrii ya nne, moto ulipofika kwenye misuli na mifupa. Tunaiona kwa waliopigwa na umeme mkubwa, na kwa wagonjwa wa kifafa walioangukia motoni pasipo mtu wa kuwatoa.

Kimya cha mtoto kisikudanganye

Hapa naomba akina mama na akina baba mnisikilize. Mwalimu yule alisema mtoto hakuwa analia. Alisema kweli. Katika ngozi mna mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu. Moto ukizama sana, huiua mishipa hiyo pamoja na ngozi. Kidonda kinakuwa kimya kwa sababu hakuna tena wa kupiga kelele. Kwa hiyo mtoto mwenye malengelenge analia usiku kucha, na mwenye kidonda kibaya zaidi anaweza kulala. Jeraha la moto lililo jeupe au jeusi na lisilouma ni sababu ya kukimbia hospitali saa hiyohiyo.

Jambo jingine: digrii inasema kina tu. Haisemi upana. Jeraha la digrii ya pili lililoenea kifua na tumbo la mtoto linaweza kumwua upesi kuliko la digrii ya tatu lililo kwenye kidole kimoja, kwa sababu maji ya mwili hupotea kupitia ngozi iliyoharibika. Kwa kupima upana, tumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake: ni karibu sehemu moja katika 100 za mwili wake. Mtoto aliyeungua eneo la viganja vyake 10 yuko katika hatari kubwa, naye atahitaji maji ya mshipani.

Neno lilelile mahali pengine

Wodi ya wazazi nako tuna digrii. Mama akichanika wakati wa kujifungua, mchaniko wa digrii ya kwanza ni wa ngozi tu. Wa pili umefika kwenye misuli. Wa tatu umegusa msuli unaozuia choo kikubwa, na wa nne umepasua hadi ndani ya njia ya choo. Hapa pia namba kubwa ndiyo mbaya. Ule wa tatu na wa nne hushonwa na mtaalamu, chumba cha upasuaji. Mama akiona choo kinamtoka bila kukusudia baada ya kujifungua, asione haya kusema. Tunamhitaji aje mapema.

Tukiuliza habari za saratani ya matiti, twaweza kusema, "Je, kuna ndugu wa digrii ya kwanza aliyeugua?" Hapo hatusemi ukali wa ugonjwa hata kidogo. Tunauliza juu ya mzazi, mtoto, au ndugu wa baba na mama mmoja. Ajabu ni kwamba Sheria za Kanisa za mwaka 1983 huhesabu kwa namna nyingine: ndugu hao wa tumbo moja ni daraja la pili, na watoto wa ndugu wawili ni daraja la nne, ambao hawaruhusiwi kuoana bila ruhusa ya Kanisa. Hospitalini hao wa mwisho tunawaita wa digrii ya tatu. Ukoo ni uleule, lakini hesabu ni mbili.

Na joto la mwili? Hilo nalo hupimwa kwa digrii. Joto la kawaida ni karibu 37 kwa kipimo cha Selsiasi. Kwa kipimo cha Fahrenheit, kinachotumika Marekani, joto hilohilo ni 98.6. Ukiletewa kipimajoto na ndugu aliye ng'ambo, tazama kwanza herufi iliyoandikwa, C au F, usije ukaogopa bure.

Mtu akiungua, fanya hivi

Mwondoe motoni. Vua nguo, pete na bangili mapema kabla hajavimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iache. Mwagia jeraha maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kama huna bomba, tumia kata na ndoo. Barafu usitumie. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi, hasa mtoto mdogo. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kilicholegea.

Usipake dawa ya meno, unga, mafuta, asali wala manyoya ya sungura. Usitumbue malengelenge. Vitu hivyo huficha jeraha, nasi hulazimika kuvikwangua huku mtoto akiteseka mara ya pili.

Njoo hospitali bila kungoja ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa. Au liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo. Au ni jeupe, jeusi au halina maumivu. Au aliungua kwa umeme, kwa dawa kali, au alivuta moshi. Mtoto mchanga na mzee waje hata kama jeraha ni dogo. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda.

Usiondoke na namba peke yake

Tangu siku ile ya Mwalimu sijasema tena "digrii ya tatu" nikaishia hapo. Nasema, "Moto umekula ngozi yote, na mtoto asipolazwa atapoteza mkono." Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini hayana njia mbili.

Nanyi mtusaidie. Ukiambiwa namba yoyote hospitalini, iwe digrii, daraja au hatua, usitikise kichwa kwa heshima tu halafu ukaenda kuuliza kwa majirani. Mwulize daktari au muuguzi mambo matatu. Je, namba ndogo ndiyo nyepesi au ndiyo nzito? Je, inapima nini: kina, upana, au kitu kingine? Na je, mgonjwa wangu alale hapa au aende nyumbani? Kisha rudia kwa maneno yako uliyoyasikia, ili akusahihishe kama hukuelewa.

Usiogope kwamba utaonekana mjinga. Mwalimu yule hakuwa mjinga. Alikuwa msomi kuliko mimi. Aliogopa kunisumbua kwa swali la pili, nami nilikuwa na haraka mno kulingoja. Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Nami naongeza: muuguzi akiulizwa mara mbili na akajibu kwa upole mara mbili, hiyo nayo ni dawa.