Kahawa ya Ngara Ionjwe Ngara

Tumbaku ya Biharamulo huhukumiwa mbele ya mwenye nayo. Siku ya soko mkulima hufikisha mtumba wake, unafunguliwa, na mteuzi anachomoa majani. Hutazama rangi, huyanyoosha kuona kama bado yana mafuta au yamekauka hadi yanavunjika, huyanusa kama yameshika ukungu, kisha hutamka daraja. Kila daraja lina bei yake. Mkulima anaweza kubisha, anaweza hata kukasirika, lakini huondoka akiijua sababu: jani lilivunwa bichi, moto wa bani la kukaushia ulizidi, au majani ya chini yalichanganywa na ya juu. Msimu ujao ana pa kuanzia.

Hukumu hiyo ya jani huendelea hadi kwa mvutaji wa mwisho. Wajuzi wa sigara nene za Cuba huanza na jani la nje, kama limefungwa vizuri na halijachanika. Huibonyeza sigara kwa vidole wakitafuta mahali palipo wazi ndani, kisha huangalia kama inavutika bila taabu, kama moto unakwenda sawasawa pande zote na kama jivu linashikamana. Ndipo wanapozungumzia ladha. Kwao umbo na ladha ni shauri moja. Tumbaku ina madhara makubwa kwa afya na hilo halina mjadala. Ninachokitamani kutoka kwake ni kitu kimoja tu, ule uwazi wa hukumu.

Sasa panda milima hadi Ngara, wilaya ya Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi, ukamtazame mkulima wa kahawa. Yeye hupeleka maganda yake, yaani matunda yaliyokaushwa bila kukobolewa, kwenye chama cha msingi cha ushirika. Yanakaguliwa kwa macho kama yamekauka na kama hayana takataka, yanapimwa kwenye mzani, anaandikiwa kilo zake na kurudi nyumbani. Ladha, ambayo ndiyo mnunuzi wa ng'ambo anailipia, huonjwa baadaye na watu asiowajua, katika chumba asichowahi kukanyaga. Wakulima wengi wa kahawa Kagera hawajawahi kuambiwa kahawa yao ina ladha gani.

Uonjaji wenyewe si uchawi. Huanza na punje mbichi. Kwa utaratibu wa kimataifa wa kahawa bora ya arabika, huchukuliwa gramu 350, zinamwagwa mezani na kuchambuliwa: punje nyeusi, punje zilizochacha, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika. Unyevu unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 12. Ukizidi, ukungu unakaribishwa. Ukipungua sana, punje inapoteza uhai wake.

Kisha kahawa hukaangwa kidogo, isifike weusi, maana moto mkali hufunika makosa. Gramu 8.25 za unga hutiwa kwa kila mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Vikombe ni vitano kwa sampuli moja, kwa sababu kosa linaweza kujificha katika kimoja tu. Baada ya kama dakika nne, mwonjaji huinama, huvunja utando wa juu kwa kijiko na kunusa mvuke unaotoka. Kahawa ikishapoa kidogo huifyonza kwa nguvu kutoka kwenye kijiko, kwa sauti ambayo mezani kwa wakwe ingeleta aibu, ili imwagike ulimi mzima na harufu ipande puani. Huandika alama za harufu, ladha, ladha inayobaki baada ya kumeza au kutema, uchachu, utamu, uzito mdomoni na ulinganifu. Kahawa inayofikisha alama 80 kati ya 100 huingia katika kundi la kahawa maalumu. Robusta, ambayo Kagera inaifahamu kuliko mikoa mingi, nayo ina vipimo vyake vya ubora vinavyokubalika duniani.

Jambo linalopaswa kumgusa mkulima ni hili: karibu kila ladha mbaya ina anuani shambani. Kahawa yenye ukakasi na harufu ya majani mabichi imechumwa kabla ya kuiva. Harufu ya udongo na uvundo ni ya kahawa iliyoanikwa chini badala ya kwenye vichanja. Ladha ya siki iliyooza hutokana na matunda mekundu yaliyorundikwa kwenye gunia usiku kucha kabla ya kuanikwa. Huko Rwanda na Burundi, majirani wa Ngara, kuna kosa linalowaumiza sana wakulima wa arabika: kikombe kimoja kati ya vingi hutoa harufu ya kiazi kibichi. Kosa hilo limehusishwa na mdudu wa jamii ya Antestiopsis anayefyonza matunda mtini. Mdudu huyo hajui mpaka wala pasipoti, na punje iliyoharibika mara nyingi haitambuliki kwa macho. Ulimi na pua ndivyo vinavyomkamata.

Hapo ndipo butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, inapotuumiza mara mbili. Mkulima anayeuza kahawa ikiwa bado maua, kwa sababu ada ya shule au ugonjwa umembana, hupunjwa bei, na pia hupoteza sababu ya kusubiri tunda liive. Mnunuzi wa butura anataka kuchuma haraka. Matokeo yake hukutana kikombeni, na sifa ya wilaya nzima huporomoka pamoja na sampuli hiyo.

Kwa miaka mingi mnada wa kahawa ya Tanzania ulikuwa Moshi. Miaka ya karibuni minada imesogezwa hadi Kagera, na hiyo ni hatua njema. Lakini kusogeza mnada bila kusogeza kikombe ni kazi nusu. Kikaangio kidogo cha sampuli, kinu, mizani, birika na vikombe haviwezi kuishinda halmashauri wala muungano wa vyama. Bodi ya Kahawa ina waonjaji waliofundishwa. Wafundishe vijana wawili watatu kutoka kila kata inayolima kahawa, na matokeo ya kila mzigo yabandikwe ukutani pa chama, kwa Kiswahili, kando ya bei.

Na wewe mkulima wa Ngara au Biharamulo, usingoje mradi. Msimu huu tenga debe moja la matunda mekundu matupu, yaanike kwenye kichanja, koboa, kaanga kidogo, uonje ukilinganisha na kahawa uliyochuma kwa mchanganyiko. Tofauti utakayoikuta ulimini ndiyo hoja utakayosimama nayo siku ya kudai bei.