Ahimaasi alifika wa kwanza

Umeona studio za taarifa ya habari zilivyobadilika? Mtangazaji hakai tena nyuma ya meza. Anatembea mbele ya skrini pana kama ukuta. Sisi wa Bara tulianza televisheni mwaka 1994, miaka kama ishirini nyuma ya Zanzibar, na tumekimbia.

Nyuma ya taa hizo watu wanapungua. Mwaka 2016 Nation Media Group ya Kenya ilifunga redio zake QFM na Nation FM, ikaunganisha QTV na NTV, wafanyakazi wakapunguzwa. Mara nyingi anayeondoka hatumjui sura: mpiga picha, mhariri, mwandishi wa mkoani.

Fungua 2 Samweli 18. Absalomu ameuawa. Ahimaasi anaomba akimbie, anampita Mkushi aliyetangulia, anafika kwa Daudi, anasujudu vizuri. Anapoulizwa habari za kijana, anasema aliona ghasia tu, hakujua ni nini. (Alijua! Yoabu alikwisha kumwambia.) Anaambiwa akae kando. Habari yenyewe analeta Mkushi, ambaye hata jina lake hatukuandikiwa.

Sasa fikiria Amani, mvua imekata barabara ya Muheza, chai imechumwa na haitoki mlimani. Skrini ya studio itang'aa vilevile. Nani atapanda kuwauliza wachumaji wamekula nini?

Kama unamfahamu mwandishi aliyepunguzwa, leo baada ya ibada mpigie simu. Mwulize ada za watoto zinaendaje.